Kabla ya kufungua kampuni ya diski, shika bisibisi

Ukitaka kuingia kwenye uhandisi wa kuhifadhi data, anzia kwenye ufundi. Kaa na vifaa vibovu. Najua haivutii, siku hizi kila mtu anataka cheo cha mwanzilishi kabla hajafungua hata kifuniko cha seva.

Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na walimu wangu wakubwa wamekuwa diski zilizokufa. Ukiwasha diski ikagonga tak, tak, tak, jua kichwa cha kusomea kinatafuta alama za kukiongoza, kinazikosa, kinarudi kuanza upya. Izime papo hapo. Kichwa hicho huelea juu ya sahani, yaani bamba la mviringo linalotunza data, kwa hewa tu, karibu mno kiasi kwamba punje ya vumbi ni jabali. Kikigusa, kinakwangua utando wa sumaku, na kilichokwanguliwa hakuna fundi wa kukirudisha. Mambo hayo utayasoma popote, lakini ukishaiona sahani yenye mkwaruzo, utabuni kwa adabu zaidi.

Al Shugart, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya diski ya Seagate, alipita njia hiyohiyo. Alimaliza chuo mwaka 1951, IBM ikamwajiri kama fundi wa kutengeneza mashine za wateja. Baadaye akahamia maabara ya San Jose, ilikotoka RAMAC, kompyuta yenye diski ya mwaka 1956: sahani 50 za inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Mwaka 1980 Seagate, kampuni aliyoianzisha na wenzake mwaka mmoja kabla, ikatoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, yaani takriban herufi milioni 5. Mzigo wa kabati zima ukaingia kwenye kompyuta ya mezani.

Ufundi, hata hivyo, haukulindi kwenye kikao cha bodi. Mwaka 1973 Shugart alianzisha kampuni ya Shugart Associates. Mwaka uliofuata yeye yuko nje, jina lake limebaki mlangoni. Akaendesha baa, akavua samaki (heri yake, wengine tungeugua). Mwaka 1998 bodi ya Seagate nayo ikamwondoa.

Kwa hiyo wawekezaji wakija, usihesabu fedha kwanza. Mwombe mwanasheria akuonyeshe kifungu kinachosema nani anaweza kumwondoa mkurugenzi mkuu, na kwa kura ngapi. Kama hukielewi, usitie saini siku hiyo.