Muulize Ami: Ng'ombe wa mchezo alotuachia baba, nimkodishe?

Assalaam aleikum Ami, natumai hujambo na wa nyumbani hawajambo. Mimi ni kijana wa miaka 27, kwetu ni Pemba upande wa Mkoani lakini sa hivi naishi Chake Chake naendesha bodaboda. Baba yetu alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani, na katika alivyoacha kuna dume la ng'ombe la mchezo linaitwa Kimya, jeusi lina baka jeupe kwenye paji la uso, na wanaofuata mchezo wa ng'ombe huku kusini, ule wa kumchezea dume uwanjani bila kumuua, wanamjua, keshachezwa Kengeja keshachezwa Pujini na siku akiingia yeye watu wanapanda mpaka juu ya miembe.

Sasa anayemuhudumia ni mama, kumkatia majani kumtilia maji, na magoti ya mama hayana nguvu tena, mi nakwenda nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa tu. Katokea bwana mmoja shehia ya jirani ana majike yake manne, kanambia nimpe Kimya miezi minne ya msimu akakae kwake, kumlisha yeye, amcheze popote atakapoalikwa, na atanipa laki tatu na ishirini. Na kasema pia atampandisha kwa majike yake, hilo hajalitia bei, kasema tutaelewana. Jirani yetu ananambia nisichukue pesa, nimuazime tu kwa ujirani. Mi naona bora pesa, mana nikichukua pesa halafu akampoteza, itabidi anilipe. Mama kanyamaza. Dada zangu wawili wameolewa, mmoja yuko Unguja, sijawaambia mana najua yule wa Unguja atasema tuuze. Nikimkatalia yule bwana naogopa atasema nna roho mbaya, na Ijumaa tunasali msikiti mmoja. Nishauri Ami.

M., Chake Chake

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee wenu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka hapo kwenye miembe, ya pili nikaona kuna neno umelipita mbio kama mtu alokanyaga kaa la moto: dada zako hujawaambia. Basi na tuanzie hapo, laki tatu zisubiri na majike manne yasubiri.

Kimya si wako. Yaani si wako peke yako, ni wa mirathi, na ukiniuliza "nimkodishe" mi nauliza nani huyo anayekodisha. Ikiwa madeni ya mzee yameshalipwa, wazazi wake wametangulia, hakuacha mke mwengine wala watoto zaidi yenu watatu, basi mama ana thumni, moja ya nane, na iliyobaki unachukua wewe mara mbili ya kila dada. Tumkate kwa hesabu (kwa hesabu tu jamani) mafungu 32: mama 4, wewe 14, kila dada 7. Kwa hiyo hata hizo laki tatu na ishirini ulizokwisha zipigia mahesabu ya tairi la bodaboda, mama zake ni elfu arubaini, dada kila mmoja elfu sabini, na wewe laki na arubaini basi. Mpigie yule wa Unguja leo usiku. Akisema tuuze msikilize, pengine ana mtoto wa skuli, na mnunuzi wa kwanza si lazima awe bucha, unaweza kuwa wewe ukawanunua wenzako kidogo kidogo wakiridhia. Na kunyamaza kwa mama usikufanye ndiyo. Mama wa Kipemba akinyamaza anangoja uone mwenyewe.

Tuseme wote wamekubali. Sasa njoo kwenye hilo lako la "bora pesa mana atanilipa", hapo mwanangu umeishika kamba kwa upande wa pembe. Katika fiqhi yetu ya Kishafii mambo yako kinyume na unavyodhani. Kitu cha kuazima, ariya, kiko juu ya dhamana ya alokiazima: kikiibiwa au kikifa analipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kimeharibika kwa kazi ile ile ulompa ruhusa kuifanya. Kitu cha kukodi, ijara, aliyekikodi mkono wake ni mkono wa amana, akikipoteza hakulipi, mpaka ithibitike kazembea au kavuka mpaka mliowekeana. Umeona? Jirani yako alosema uazime kwa ujirani hakujua lakini kasema jambo ambalo lingekulinda zaidi, na wewe uliyedhani pesa ndo kinga, ukizipokea tu ushalegeza kamba. Akija bwana yule na ngozi mkononi akakwambia "kafa, kazi ya Mungu", ni juu yako kuthibitisha uzembe, na utauthibitisha vipi wewe uko Chake na bodaboda.

Ndo mana kwenye kukodisha nguvu yote iko kwenye mipaka. Ukimpa mtu ng'ombe kwa maneno ya "popote utakapoalikwa" hujaweka mpaka, kwa hiyo hana mpaka wa kuuvuka. Ukisema viwanja viwili kwa majina yake, mara moja kwa wiki mbili, kamba anashika mtu fulani, hatiwi kwenye gari ya ng'ombe wala kwenye jembe, siku atakayoonekana Kimya amefungwa gari anabeba mchanga, amana imeondoka na dhamana imeingia. Na usidhani hilo la gari nalitunga, dume lenye nguvu likikaa kwa mtu miezi minne na michezo haichezwi kila siku, mchanga wa kujengea unamuita.

Kuhusu kupandisha, hapo hakuna kuelewana baadae. Mtume (SAW) kakataza malipo ya kupandisha dume, hadithi iko kwa Bukhari kutoka kwa Ibn Umar, na kwa Mashafii kauli yenye nguvu ni kwamba hata kumkodisha kwa kazi hiyo haifai. Kumtoa bure inafaa, na mwenye jike akikuletea zawadi bila kuwekeana sharti pokea. Lakini hapa bwana huyu anazichanganya, anakodi mchezo na kupanda anakutia ndani ya mapatano hayo hayo. Zitenge. Na hata bure kuna la kuuliza kwanza, majike yake hayana historia ya kutupa mimba? Mana magonjwa ya kutupa mimba mengine dume analichukua kwa jike huyu akampelekea yule, na dume lako utakaporudishiwa litakuja kupanda kwenu.

Halafu kupe. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, imeua ng'ombe wengi hivi visiwa kuliko visu vya Idd, na mzee wako bila shaka alikuwa na utaratibu wake wa dawa. Kwa yule bwana je, anaogesha kila lini? Malisho yake yakoje? Ng'ombe alozoea pahala penye kupe wachache ukamhamishia kwenye kupe wengi anaweza kukuondokea ndani ya wiki mbili tatu, tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zinavimba, homa, anakohoa, na mwisho hawezi kuvuta pumzi. Muulize daktari wa mifugo kama Kimya alichanjwa, wanaochanjwa ndigana huwa wanatiwa hereni ya sikioni. Na chakula, dume la kilo mia tatu linataka kama kilo thelathini za majani mabichi kwa siku, sasa mtu mwenye majike manne akiongeza na dume, kiangazi kikikaza nani ataanza kupunguziwa? Si majike, majike yanatoa maziwa.

Kuna moja hujaniuliza. Tunaambiwa mchezo huu wametuachia Wareno, waliotolewa mwambao huu baada ya ngome yao ya Mombasa kuanguka 1698, lakini Mhispania, jirani wa Mreno, huko kwake ng'ombe anamuua uwanjani, Mpemba anamrudisha nyumbani akampa majani. Mimi naona sisi ndo waungwana. Ila kurudi nyumbani kuna bei yake, ng'ombe anajifunza. Huko Uhispania hawamuingizi dume uwanjani mara mbili, na sababu moja ni kwamba akisharudi hafuati tena kitambaa, anamfuata alokishika. Kimya keshachezwa mara nyingi, na mzee wako alikuwa anamjua macho yake, alijua siku ya kumwambia mchezaji leo basi mtoeni. Huyu bwana anamjua? Akimpiga kijana wa watu pembe ya tumbo akiwa mikononi mwake, watakuja kwa nani, kwa yeye au kwa mwenye ng'ombe? Hilo liandikwe wazi kuliko hata pesa. (Na kuna masheikh wasioupenda mchezo wenyewe kabisa, ukitaka kulijua hilo kaa na sheikh wako, mi sitojifanya mufti kwenye ukurasa wa gazeti.)

Nna mtoto wa ndugu yangu yuko Oman anafanya kazi kwenye zizi la farasi wa mashindano, farasi mmoja bei yake sote hapa tukichanga hatufiki. Kanielezea kwamba na wao wanakodishana, na wanazo namna mbili, ya kwanza farasi anahama kabisa anakwenda kukaa kwa alomkodi, ya pili farasi habanduki zizini kwa mwenyewe, alomkodi anakuja siku zake anampanda anaondoka. Na mwenye farasi ndo anayechagua daktari na fundi wa kwato, na farasi hasogezwi kwengine bila yeye kujua, na juu ya hayo yote wanamtia bima, akifa wanalipwa, nyengine inalipa hata akiwa mzima lakini hafai tena kwa mashindano. Sasa wewe Kimya wako ana bima gani? Ana magoti ya mama basi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni hiyo namna ya pili. Usimtoe miezi minne. Abaki kwenu, na bwana yule amkodi kwa siku ya mchezo, anakuja asubuhi anamchukua pamoja na mtu wenu anayemjua ng'ombe, jioni anamrudisha, analipa kwa siku. Pesa itakuwa ndogo kuliko hiyo alotaja, sawa, lakini sehemu yake mpe kijana wa mtaani akate majani na kuteka maji kila siku, mana ukiitazama barua yako vizuri, shida yako hasa ni mama kukata majani, na hiyo haikuhitaji kumhamisha ng'ombe hata siku moja. Ungeweza kuifanya toka mwaka jana, nakusema kidogo hapo.

Akikataa, anataka miezi minne au basi, na ndugu zako wote wametaka pesa, basi angalau anza na mwezi mmoja. Daktari wa mifugo amkague kabla hajatoka na siku atakayorudi, mpige picha kila upande na kwato na pembe, uandike thamani yake siku hiyo mliyokubaliana wote wawili, na nusu ya pesa mkononi kabla kamba haijafunguliwa. Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inazungumzia kuandikiana na kuweka mashahidi, sasa usione haya kumwambia mtu wa msikitini kwako tuandikiane. Nendeni kwa sheha, mkuu wa shehia yenu, na mashahidi wawili, karatasi tatu, moja abaki nayo sheha. Na ujue mkigombana kuhusu mafungu ya mirathi Kadhi yupo, lakini ugomvi wa kukodishana ng'ombe unakwenda mahkama za kawaida na huko watasoma mlichokiandika, hawatokuuliza mliambiana nini chini ya mwembe.

Ama hilo la roho mbaya. Usimkatalie kwa mdomo wako peke yako, mwambie ukweli ulivyo, "bwana, ng'ombe wa wanne, nimekaa na wenzangu tumeonelea hivi". Mtu akichukia kwa hilo basi alikuwa anakutafuta wewe kwa sababu aliona uko peke yako. Na mtizame atakapokujibu kuhusu kukodi kwa siku, akikubali haraka ni mtu wa mchezo kweli, akianza kurudi rudi kwenye majike yake manne ushajua dume alilitakia nini.

La mwisho dogo, lakini lisikupite: liandikwe kwamba akiingia uwanjani anatangazwa kwa jina lake, Kimya, na kwamba ni wa nyumba ya marehemu mzee wenu. Mana wako watu huwapa ng'ombe wa kukodi majina yao wenyewe, na mama yako hata kama hendi mchezoni, zile nyimbo wanazorudi nazo wanawake jioni anazisikia uani.