Kwa wanaoanza laini ya Kifaransa: mwache mteja ajitaje mwenyewe

Ukianza kupokea simu za wateja wa Ufaransa, utapewa karatasi ya maswali ya kuhakiki taarifa za anayepiga. Utaikariri kwa siku moja na utaona umeiva. Mimi pia niliona hivyo.

Wiki yangu ya tatu kazini alipiga mwanaume mmoja, akasema anafuatilia akaunti ya mkewe. Simu zilikuwa zimejaa kwenye foleni, nami nilitaka kumaliza upesi. Nikamsomea kutoka kwenye skrini: "Madame habite bien rue…" (Bibi anakaa mtaa wa…, sivyo?), nikataja mtaa mpaka namba ya nyumba. Akasema "merci", akakata. Baadaye tukajua walikuwa wameachana na yule mama alikuwa amehama kimyakimya. Anwani yake mpya nilimpa mimi, ndani ya swali langu. Simu ile bado naisikia.

Kwa hiyo taarifa itoke kwanza kinywani mwa mteja. Ugumu ni kwamba hilo "bien", lenye maana ya "sivyo?", ni Kifaransa kizuri kabisa. "Vous êtes bien né le 3 mai ?" (Ulizaliwa tarehe 3 Mei, sivyo?) Wafaransa wenyewe husema hivyo, lakini jibu limeshatoka. Uliza: "Pourriez-vous me rappeler votre date de naissance, s'il vous plaît ?" (Unaweza kunikumbusha tarehe yako ya kuzaliwa, tafadhali?) Hapo unamwomba akukumbushe, na hata mzee aliyepiga akiwa na hasira hupoa kidogo. "Donnez-moi votre date de naissance" (Nipe tarehe yako ya kuzaliwa) haina kosa la sarufi, ila inamfikia kama amri. Tanguliza pia sababu: "Pour accéder à votre dossier, je dois vérifier quelques informations" (Ili nifungue faili lako, lazima nihakiki taarifa chache). Mtu anayeulizwa mambo yake ana haki ya kujua yanatakiwa kwa nini. Akishataja, sasa mrudishie kwa "C'est bien…" (Ni…, sivyo?) ili mhakikishe mmesikilizana.

Namba ndizo zitakazokutesa zaidi. Wafaransa husoma namba ya simu mbilimbili: 06, kisha jozi nne. Ukisikia "soixante" (60) usikimbilie kuandika 6, subiri neno linalofuata, maana "soixante-douze" ni 72. "Quatre-vingt-dix-sept" ni 97, na wageni wengi wakisikia "quatre" (nne) huwa wameshaandika 4. Wenzetu waliosomea Bujumbura au Lubumbashi wamezoea "septante" (70) na "nonante" (90) kama Wabelgiji. Mteja wa Ufaransa atawaelewa, ila yeye atasema kwa njia yake.

Kwenye herufi, G hutamkwa "zhe" na J "zhi", karibu kinyume cha tulivyozoea kwenye Kiingereza. Ukisita, uliza "G comme Georges ?" (G kama ya Georges?) Kwenye barua pepe, @ ni "arobase", na kistari ni "tiret".

Halafu majina. "Nom" kwenye fomu ni jina la ukoo, la kwanza ni "prénom". Mwanamke aliyeolewa anaweza kukutajia jina la mumewe huku kwenye skrini kukiwa na la kwao. Usimshuku bado. Muulize "Et votre nom de naissance ?" (Na jina lako la ukoo la kuzaliwa?) na mara nyingi mambo hukaa sawa.

Majibu yasipolingana, sema kwa upole: "Je regrette, je ne peux pas ouvrir votre dossier" (Samahani, siwezi kufungua faili lako). Atakuuliza amekosea wapi, na wengine watakubembeleza. Usimwambie ni jibu lipi.