Jibu: Bunge la Marekani na silaha za "dharura"

Ndugu, umeuliza kama Bunge la Marekani linaweza kumzuia rais anayeuza silaha nje kwa kutangaza dharura. Kwenye karatasi, ndiyo. Sheria ya 1976 ya kudhibiti mauzo ya silaha nje inamtaka aliarifu Bunge siku 30 kabla ya mauzo makubwa, 15 kwa nchi za NATO, ili likitaka lipitishe azimio la kuyapinga. Lakini akisema kuna dharura, muda huo unafutika.

Mei 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Mike Pompeo, alipitisha hivyo mauzo 22, dola bilioni 8 hivi, mengi kwa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Miezi tisa tu kabla, bomu la muungano wa kijeshi unaoongozwa na Saudia lilikuwa limepiga basi la wanafunzi huko Dahyan, Yemeni, likaua watoto wapatao 40. Inauma hadi leo. Seneti na Baraza la Wawakilishi wakapitisha maazimio ya kupinga, Rais Trump akayapinga kwa kura ya turufu, na theluthi mbili ya kura inayohitajika kuitengua haikupatikana.

Kasoro iko hapo: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Chadha ya 1983, azimio la kupinga lazima lipite kwa rais huyo huyo. Mimi ningegeuza mzigo: bila idhini ya Bunge, silaha haziondoki bandarini.