Mzigo Ukizidi, Teremsha

Mwezi wa nne bila mshahara, ndugu mmoja wa kanisani alinishika bega baada ya ibada akaniambia, "Kaka, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Nikamshukuru, nikampa mkono, nikapanda matatu ya Mikindani nikiwa nimemkasirikia. Hasira ile ilinisindikiza hadi Kibarani. Alinitakia mema, najua. Na mimi mwenyewe nilishawaambia wafiwa maneno hayohayo mara nyingi, tena kwa sauti ya upole.

Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa miaka 11, kwa hiyo habari ya uzito naijua kidogo. Lori likifika mizani ya Mariakani limezidi, hakuna maneno matamu ya kulipunguza. Linawekwa kando hadi mzigo uteremshwe. Dereva anaweza kuapa kwamba injini ina nguvu, lakini kinachosomwa pale si injini. Mimi nilikuwa nimezidi. Nikaambiwa sijazidi, nikaanza kudhani imani yangu ndiyo mbovu.

Nikaitafuta kauli ile kwenye Biblia. Haimo. Inayofanana nayo ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo ametoka kutaja ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Anasema habari ya kuvutwa kutenda dhambi, na anaahidi kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya "mlango wa kutokea". Ukija kwenye uzito wa maisha, Paulo huyohuyo anawaandikia Wakorintho haohao, barua ya pili sura ya kwanza, kwamba kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Mtume huyo! Nilisoma mstari ule nimekaa kwenye ngazi za nje, nikaurudia, na nadhani ndiyo siku ya kwanza mwaka ule niliyovuta pumzi ikafika chini. Mstari unaofuata unatoa sababu yake: wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu.

Neno letu "majaribu" hubeba vitu viwili kwa pamoja. Kuna kuugua, kufiwa, kuachishwa kazi. Halafu kuna pesa ya haramu na mke wa mtu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja kwa vyote viwili, na pengine ni kwa sababu hutembea pamoja, kimoja kikikuchosha ili kingine kikupate. Lakini dawa zake si moja, na wengi wetu tunazichanganya. Dhiki unaivumilia. Kishawishi unakikimbia. Yusufu mbele ya mke wa Potifa hakusimama akiomba apewe uvumilivu. Aliacha vazi lake akatoka mbio. Uvumilivu alikuja kuuhitaji gerezani.

Nieleze yangu. Mwaka 2018 makontena yalianza kupanda reli mpya ya SGR kwenda kukombolewa Nairobi, na ofisi ndogo za wakala kama yetu zikaanza kukauka. Yetu ilifungwa mwaka uliofuata. Mama yangu alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zimechoka. Kifungua mimba alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Mke wangu alishona mashela na sare za shule usiku na mchana, na cherehani ile ikawa ndiyo sauti ya nyumba yetu.

Kamari ilinijia kupitia simu. Nilianza na shilingi 50, nikashinda 4,200 siku ya tatu. Ningepoteza ile 50 leo ningekuwa na hadithi fupi. Niliposhinda nilisema "asante Yesu" kwa sauti, jambo linalonitia aibu kuliko yote mengine. Kufikia Agosti nilikuwa nimecheza karo ya muhula mzima, nikakopa kwenye programu za mikopo za simu kuifidia, nikacheza na mkopo pia. Nyumbani nilisema nimewaazima wenzangu pesa. Jumapili nilikuwa nikipitisha kikapu cha sadaka, uso mkavu.

Kisha akanipigia mtu niliyemjua tangu siku za bandarini. Kulikuwa na kontena. Karatasi zinasema mitumba, ndani sivyo. Alihitaji mtu anayejua kujaza fomu za forodha na asiye na cha kupoteza. Shilingi 150,000. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Mfikirie mamako."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ule mlango wa kutokea ni mfupi. Unatoka umeinama. Nilikuwa nikisubiri kitu cha fahari: pesa zije kutoka pasipojulikana, au nipewe nguvu ya ajabu ya kusema hapana. Kilichokuwepo ni mke wangu chumba cha pili, anakata nyuzi kwa meno. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, kuanzia ile 50. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza deni ni ngapi, nikamtajia. Akauliza tena, nikamtajia ile ya kweli. Kisha akanyoosha mkono, "Lete simu, baba watoto." Usiku ule laini yangu ilihamia kwenye simu yake, na namba ya siri ya M-Pesa akaibadilisha. Kwa miezi 14 niliomba nauli kama mtoto wa shule.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna utakatifu wowote wa kuonekana: mwambie mtu mmoja, leo, kiasi cha kweli. Mungu ulishamwambia, na ni rahisi kumwambia kwa sababu anajua tayari na hakutazami usoni. Yakobo ameandika tuungamiane dhambi zetu sisi kwa sisi. Mimi baada ya mke wangu nilimwendea mzee wa kanisa, mstaafu wa reli ya zamani. Hakunihubiria hata neno. Alitoa daftari, tukaandika kila deni na tarehe yake, tukaomba dakika mbili, akaniambia nirudi Alhamisi. Nimerudi Alhamisi nyingi.

La pili, kula na ulale. Usicheke. Eliya alipoomba afe, chini ya ule mti wa mretemu, malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Na Bwana wetu alijaribiwa kwa mkate baada ya siku 40 za njaa. Adui anajua saa za kubisha. Mimi niliweka dau mara nyingi zaidi usiku wa manane, tumbo tupu, peke yangu. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye hatukuwahi kumweleza lolote, alianza kuleta mahamri na mbaazi asubuhi, akisema amekosea kipimo cha unga. Alikosea kipimo miezi mitatu. Sina shaka ni nani aliyemtuma.

Na kama usingizi umekataa wiki kadhaa, au umeanza kupanga namna ya kufa, nenda hospitali ukamwone daktari. Kumeza dawa ya moyo uliovunjika si kumkana Kristo, kama vile mama yangu hakumkana kwa kulala kwenye mashine ile.

Siku moja sina nauli, nilivuka daraja la Nyali kwa miguu nikaenda hadi kwenye kaburi la Rosina Krapf. Wengi wetu tunapita upande ule bila kujua liko. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na Julai ya mwaka huohuo mkewe akafa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, kisha kichanga chao cha kike kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, homa hiyohiyo. Kanisani tunaisimulia habari hii kwa haraka ili tufike Rabai, ambako yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walianza kazi 1846, na tupige makofi. Mimi siku ile sikuweza kuharakisha. Nilifikiria mwanamume anayetetemeka kwa homa, anasikia mtoto amenyamaza. Mwaka uleule alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Sijui alitoa wapi nguvu, na sidhani alijiona ana nguvu. Nilikaa pale hadi jua likaanza kuinama, sikuomba kitu. Upepo wa bahari uliomba kwa niaba yangu, tuseme hivyo.

Kuomba kwenyewe kulibadilika. Niliacha kumdanganya Mungu. Zaburi ya 13 inaanza kwa "Ee BWANA, hata lini", na ya 88 inamalizika gizani, haina hata mstari mmoja wa kushangilia mwishoni. Kama imeruhusiwa kukaa kwenye Biblia, na wewe unaruhusiwa kumaliza maombi bila kushangilia. Usiku mwingine niliisoma hiyo ya 88 kwa sauti, nikafunga kitabu, nikalala. Basi.

Jihadhari na wanaouza njia ya mkato. Nikiwa taabani nilipeleka shilingi 5,000 mahali fulani nikaambiwa ni mbegu, itazaa mara mia. Ukiitazama vizuri, ilikuwa kamari ileile, ila hii ilikuwa na kwaya.

Mama alifariki 2021. Pesa ya kontena lile isingemponya, ingawa kuna siku bado nafanya hesabu ya wiki ambazo ingeongeza, na siku hizo huwa namtafuta yule mzee hata kama si Alhamisi. Madeni yamebaki mawili. Sasa natunza hesabu za mfanyabiashara wa vitunguu sokoni Kongowea. Mshahara ni karibu nusu ya ule wa zamani, na zikifika neti za vitunguu kutoka Tanzania hata karani anashusha.

Mwezi uliopita yule jamaa alipiga tena. Namba niliifuta lakini kichwa hakijaifuta. Simu ilikuwa juu ya meza inatetemeka, na mimi nimesimama, moyo unakwenda mbio kama zamani. Nikamwita kijana wa mlangoni nikamwambia apokee, aseme siwezi kuja kwenye simu, nimebeba vitunguu. Kisha nikatoka nje kwenye lori nikainama, wakanitwika neti moja, ili kijana asiwe ameongopa.