Msiniulize dawa kwa rangi yake

*Munganga, niko na mimba ya miezi minne. Naweza kumeza ile kapsuli ya rangi mbili, nyekundu na manjano, kwa kikohozi?* (Mama wa Kadutu)

Rangi si jina la dawa, nimeshachoka kuliandika. Kama ni tetrasaiklini, ile antibiotiki mnayoita tetra, hapana: kuanzia mwezi wa nne inaingia kwenye meno ya mtoto yanayojengwa, yanakuja kuota na madoa ya kahawia. Kama si tetra, basi hujui unachomeza, na anayekuuzia hajui pia. Juzi sokoni nilimwangalia kijana akikata plaketi kwa mkasi auze vidonge viwili. Tarehe ya mwisho ilibaki kwenye kipande alichorudisha ndani ya ndoo. Na kikohozi cha mafua hakitaki antibiotiki hata moja.

*Paracetamol je?*

Ndiyo, kwa kipimo chake, siku chache. Kama kuna homa, pimwa malaria kwanza.

*Miezi saba, mgongo ulikuwa unaniua. Jirani alinipa diklofenaki, ukatulia. Niendelee?* (Mama wa Bagira)

Acha leo. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, na sindano yake ni dawa ileile. Karibu na moyo wa mtoto kuna mshipa unaopaswa kufunga akishazaliwa. Dawa hizi zinaweza kuufunga angali tumboni. Figo zake nazo zinalegea, na maji anamoogelea, ambayo mengi ni mkojo wake, yanapungua. Waambie CPN, kliniki ya wajawazito, ulimeza ngapi, wasiachiwe kubahatisha.

*CPN wananimezesha vidonge vitatu vya Fansidar, ile ya kuzuia malaria, mbele yao. Bwana anasema inatoa mimba.*

Mlete huyo bwana CPN. Inatolewa kuanzia mwezi wa nne, kila mwezi, angalau mara tatu, hata kama huna homa, kwa sababu malaria inajificha kwenye kondo la nyuma na mtoto anazaliwa mwepesi. Anayekunywa antibiotiki ya Bactrim kila siku hapewi Fansidar. Na asidi foliki ya miligramu 5 inavunja nguvu ya Fansidar: omba ya 0,4.

*Nina kifafa, nameza Depakine. Nimejua nina mimba ya wiki sita. Dada yangu anasema niache.* (Ibanda)

Usiache peke yako! Degedege za mfululizo zinaweza kuwaua wote wawili. Kesho asubuhi nenda kwa munganga wako na boksi mkononi, aamue kubadili au kupunguza.

Dada yako ana sababu ya kuogopa. Kati ya watoto 100 waliokutana na dawa hii tumboni, karibu 10 wanazaliwa na kilema, na 30 hadi 40 wanachelewa kusema, kutembea au kujifunza. Mfereji wa uti wa mgongo unafunga karibu na wiki hiyohiyo ya sita, wakati mama wengi bado wanahesabu siku. Kinachoniudhi ni kwamba msichana anaandikiwa Depakine miaka na miaka, na hakuna anayemuuliza kama anataka kuzaa. Ninyi mnaoimeza na hamjashika mimba, swali hilo lipelekeni wenyewe, mwezi huu.

*Na pemba, ule udongo mweupe wanaotafuna wajawazito?*

Si dawa. Inazuia chuma cha vidonge vyako kisiingie kwenye damu.