Mstafeli wako unatoa maua tu hauzai? Usiukate kwanza

Jamani naandika hii kwa sababu kila nikipita huku mitaani Nyegezi, Mwanza, naona mistafeli mikubwa, imenona, majani yanang'aa, ukiangalia matunda ni mawili au hakuna kabisa, na wenyewe wanakwambia huo mti dume. Hata mi niliambiwa hivyohivyo. Mzee jirani alisimama kwenye michongoma akasema, "Binti yangu, huo mti dume, kata upande mpapai." Nikamwambia mzee nimekusikia, nipe mwaka mmoja tu.

Kumbe mstafeli hauna dume wala jike. Kila ua lina vyote viwili, ila havipatani muda: upande wa kike unakuwa tayari ua likianza tu kuachia, chavua, yaani ule unga wa kiume, inakuja kumwagika baadaye, wakati wa kike umeshapita. Asili yake ni visiwa vya Karibi na Amerika ya joto, wanaoubebea chavua zaidi ni mbawakawa, nyuki wala hawahangaiki nao. Kwa hiyo huku kwetu ukiuachia wenyewe unaweza kungoja sana.

Mi nafanya hivi. Asubuhi mapema nachuma maua mawili matatu yaliyofunguka kabisa, nayakung'utia kwenye kisosi mpaka ule unga udondoke. Halafu natafuta ua lililoachia kidogo tu, yale majani ya ua matatu ya nje, mazito ya kijani-njano, ndo yanaanza kupeana nafasi, nalifungua taratibu kwa kidole, katikati unaona kama kifundo kinachonata ukikigusa. Hapo napaka chavua kwa brashi ndogo ya kuchorea, pande zote, maana ukipaka upande mmoja stafeli linatoka limepinda. Chagua maua ya kwenye shina na matawi manene, stafeli moja linaweza kuwa na kilo kadhaa, kitawi chembamba hakibebi. Msimu wa kwanza nilipata mastafeli 11 kwenye mti ambao ulikuwa haujanipa hata moja.

Kuhusu kupanda, kitu kikubwa ni maji kutuama. Mstafeli wangu wa kwanza niliupanda chini kule karibu na Ziwa Victoria, udongo mzuri mweusi, nikajiona nimepatia. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda maji hayakuufunika hata, yalikaa tu kwenye mizizi, majani yakawa manjano yakapukutika, mti ukafa nauangalia. Niliumia sana kwa kweli. Huu wa sasa uko juu katikati ya mawe, nilichimba shimo nikajaza udongo na samadi iliyooza vizuri, mbegu zilichukua kama mwezi kuchipua na maua nikayaona mwaka wa nne. Mizizi yake iko juujuu, usipitishe jembe pale chini, palilia kwa mkono uweke majani makavu mengi ila yasiguse shina. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba mwagilia, la sivyo maua yanadondoka.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, kagua matunda, lazima kuna vile vidudu vyeupe kama pamba. Mi navisugua na maji ya sabuni, narudia kila wiki mpaka viishe.

Kuvuna usingoje lidondoke lenyewe, litapasukia kwenye mawe na popo watakuwahi. Angalia ile miiba laini ikishakaa mbalimbali, na rangi ya kijani ya tunda ikaanza kupauka, kata na kikonyo chake likiwa bado gumu, liweke ndani siku tatu nne linalainika.

Na hili la majani. Watu wanagonga geti kuomba majani ya kuchemsha kutibu kansa. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba yanaponya, tafadhali mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili ya majani yangu. Tena kule Guadeloupe, hukohuko Karibi, madaktari waliona wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili, wakahusisha na ulaji wa matunda ya jamii hii na chai ya majani yake kwa muda mrefu. Tunda kulila mara mojamoja mi nala na watoto wangu wanakula, chai ya kila siku hapana. Mbegu zina sumu, ukitaka kusaga juisi zitoe zote kwanza, moja moja, kwa mkono.