Kwa nini kompyuta za zamani zinaachwa

Umeuliza kwa nini Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, iache kuhudumia vichakataji (chipu kuu za kompyuta) vya zamani ilhali msimbo wake umeshaandikwa na haumdhuru mtu. Shida ni kwamba msimbo hauishi peke yake. Kila sehemu nyingine ya kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, inapobadilishwa, lazima mtu ahakikishe ile ya zamani haijaharibika, na mara nyingi hata mashine ya kujaribia haipo.

Chukua 386, kichakataji cha Intel kilichotoka 1985. Linux yenyewe ilizaliwa juu yake mwaka 1991, lakini Desemba 2012 uhudumiaji wa 386 uliondolewa kwenye kerneli. 386 haikuwa na amri ya kulinganisha na kubadilisha thamani kwenye kumbukumbu kwa mkupuo mmoja, ambayo mrithi wake, 486, inayo. Kwa hiyo watengenezaji walibeba njia za kuzungukia upungufu huo kila walipogusa mambo ya vichakataji vingi, kazi kubwa kwa ajili ya watumiaji wachache mno.

Kinachoniuma mimi ni kingine: mashine nzima, yenye nguvu ya kutosha, kuachwa kwa sababu ya sharti moja. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Huo si uchakavu hata kidogo. Kama kompyuta yako ni ya biti 64, usiitupe, jaribu Linux. Ikiwa ni ya biti 32, aina ya zamani zaidi, angalia kwanza toleo la Linux, maana Debian 13, mojawapo ya matoleo hayo, haina tena kisakinishi cha mashine hizo.